Barabara ya Kwa Mama

Rosario, 11 Agosti 1996

Mdogo wangu Domitila,

Salamu zikufikie hapo Las Pircas, na baridi isikuonee. Sisi hatujambo, ila mto umefura na nguo hazikauki. Mama je? Bado anawagombeza llama wake kama watu?

Nimeamua. Novemba nakuja, tunapanda kwa Mama: wewe na pikipiki ya marehemu mumeo, mimi na yangu. Usicheke! Novemba theluji itakuwa imeyeyuka na mvua za Krismasi hazijaanza. Hakuna wakati mwingine wa kuvuka mlima pale Abra Negra bila kuzama matopeni. Injini nimeshaifungua, mke wangu analalamika kwamba jikoni kunanuka petroli kuliko mchuzi. Tangu mgodi uliponitema sijamtia Mama machoni. Ni mtoto gani huyo?

Niandikie barabara ikoje. Kikohozi kipo, lakini tumeshazoeana.

Kaka yako,
Saturnino


Las Pircas, 2 Septemba 1996

Kaka Satu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, nami nikaisoma nimesimama njiani kama kichaa.

Nilipanda kwa Mama, Agua Quemada, wiki iliyopita. Mama ana nguvu, ila macho yanazima. Sasa ananijua kwa sauti. Nilipomwambia unakuja akauliza, "Bado anapenda nyama kavu yenye mafuta?" Ameshaanza kuianika.

Theluji bado imelala upande wa kivuli. Ukifika juu, pikipiki hukosa pumzi. Usipoipunguzia petroli inakohoa na kuzima. Tutatoka alfajiri, kwa kuwa mchana upepo wa kule humwangusha hata nyumbu. Lete glovu nzuri. Majani ya koka ya kutafuna kule juu ninayo.

Lakini nenda kwa daktari kwanza. Baba naye alikuwa amezoeana na kikohozi chake.

Mdogo wako,
Domitila


Rosario, 30 Septemba 1996

Domi,

Natumaini u mzima. Mimi nimekwenda kwa daktari, uniache sasa.

Ni kijana mpole. Akaipachika picha ya kifua changu ukutani, akaitazama weee. "Ulikuwa unafanya kazi gani, mzee?"

"Nilichimba madini ya risasi na fedha. Chini ya ardhi."

"Mapafu yako yameganda kwa vumbi. Usipande mlima tena."

"Mimi nimezaliwa huko juu, daktari."

"Ulizaliwa na mapafu mengine," akasema.

Nikacheka. Nilipofika nje nikakaa kwenye ngazi.

Nakuja hivyo hivyo. Kama pumzi ni ya kuisha, acha iishie njiani kwenda kwa mama yangu, isiishie kwenye kochi hapa. Usimwambie.

Kaka yako,
Satu


Las Pircas, 19 Oktoba 1996

Kaka Saturnino,

Shikamoo. Afya yangu njema, hasira yangu njema zaidi.

Nimemwambia. Ulitaka nikae na siri hiyo mbele ya mwanamke aliyemwona Baba akikauka kama kuni? Alikuwa anachambua sufu ya llama wake. Hakuacha.

"Mwambie asije," akasema. "Mgodi ulishanilia mume. Mlima hautamla mwanangu kwa ajili yangu."

"Mama, anataka kukuona."

"Kwani mimi sina miguu? Nitashuka mimi."

Nikamkumbusha ana miaka sabini na tisa, hajawahi kupanda pikipiki, na huko hakufiki basi wala lori. "Umri wangu naujua," akasema. "Wewe jua kuendesha." Llama tutamwachia jirani.

Kwa hiyo mpango umegeuka. Panda basi mpaka mjini Salta, ukae kwa binamu yetu. Hapo chini kifua chako kitavumilia. Tukijaliwa, tarehe kumi na tisa Novemba tutakuwa nawe.

Usije juu. Niapie.

Mdogo wako,
Domitila


Rosario, 3 Novemba 1996

Domi wangu,

Habari za huko? Mimi nalala nimeketi, lakini nalala.

Niliona aibu kwanza. Mwanamume anamngoja mama yake mzee amfuate kama kitoto! Halafu nikalia, na aibu ikapungua. Naapa, nitakaa Salta.

Sasa nisikilize. Mfunge Mama kwako kwa shali, ifunge kiunoni, isimbane kifua. Kwenye mteremko tumia gia ndogo, usining'inie kwenye breki. Ukiona wingu limekaa juu ya Abra kama kofia, rudi. Usione haya kurudi.

Na umweleze njia nzima unayoyaona. Atapenda kujua.

Kaka yako,
Satu


Las Pircas, 23 Novemba 1996

Domitila,

Naandikia mlangoni pako. Jirani yako kanipa chai ya moto, naandikia gotini, nisamehe mwandiko.

Niliwangoja Salta. Tarehe kumi na tisa ikapita. Kisha wakasema sokoni theluji imeanguka Abra Negra, theluji ya mwezi huu! Ningekaa vipi? Nimeazima pikipiki ya binamu. Hapa jirani anasema hujaonekana tangu ulipopanda kumchukua Mama. Nimeita jina lako hata zizini.

Najua niliapa. Nakwenda polepole. Nikiwakuta njiani mtanigombeza wote wawili, nami nitafurahi.

Satu


Agua Quemada, 23 Novemba 1996

Kaka mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Tu wazima, hilo ulijue kwanza.

Tulitoka tarehe kumi na nane. Chini ya Abra wingu likashuka, theluji ikatupiga ya uso. Nilikumbuka neno lako, nikageuza. Mama alipata homa, sasa anakunywa mchuzi na kunilaumu kwa kuendesha kama bibi kizee.

Nyumbu wanaobeba chumvi wanavuka hata pikipiki isipoweza, kwa hiyo barua hii nampa Don Ventura, anayeshuka nao leo. Tutatoka Mama akipata nguvu. Wewe tulia hapo hapo Salta. Usitoke, kaka. Tunakuja.

Mdogo wako,
Domitila


Agua Quemada, 1 Novemba 1997

Kaka Satu,

Leo ni siku ya wafu, nyumba zote zinawaandalia marehemu wao meza. Yako tumeiwekea mikate, nyama kavu na sigara. Mama ameniagiza nikuandikie, nikusomee hapa mezani, kisha niichome.

Don Ventura alikukuta kesho yake ya siku uliyopanda, karibu kabisa na kilele. Ulikuwa umeketi, umeegemea pikipiki, kofia ya chuma umeishika mapajani. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwake. Alikutambua kwa pua ya Baba. Akakulaza juu ya nyumbu na kukurudisha Las Pircas, polisi wakakupeleka Salta, na huko mkeo akakuzika. Sisi habari ilitufikia umeshafunikwa.

Nilimwambia Mama uani. Akasema, "Nani alimruhusu?" Akaingia ndani kulisha moto. Hakulia mbele yangu.

Mimi najilaumu kwa kugeuza, halafu najilaumu kwa kujilaumu, maana ningeendelea tungekufa watatu. Sijui, kaka. Sina wa kumuuliza.

Leo asubuhi Mama alipomaliza kukanda mkate wako alifuta mikono, akasema, "Kesho unanipeleka kwake." Anga ni safi, Abra iko wazi. Llama tumeshamwachia jirani. Shali ameshaikunja mlangoni.

Nimemweleza kaburi lilivyo, kama mkeo alivyoniandikia, kwamba msalaba ni wa chuma na jina lako limechongwa. Akasema atalisoma kwa vidole.

"Mama," nikamwambia, "wewe hujawahi kujua kusoma."

"Jina hilo nitalijua," akasema.

Mdogo wako,
Domitila