Mama Amezikwa, Kaka, na Wewe Hukuwepo

Kaka yangu mpendwa,

Mama amefariki. Tumemzika kwetu Naipingo, Ijumaa, baada ya swala. Namba yako ninayo, lakini kwa simu ningelia tu na usingeambulia kitu. Ndiyo maana naandika, na jina lako nimeliacha makusudi.

Nakukumbuka Ruangwa, kwenye kibanda chenu cha cherehani, wewe na Salumu. Likizo nilikuwa nakuja kuwashonea vifungo. Wiki ya mechi jezi zilijaa mpaka hatuna pa kukalia. Mtani wetu, Mzee Likwawa, akipita lazima apaze sauti akuulize kama mumeo ameshakula. Mafundi baiskeli wanacheka, wewe unacheka, Salumu anainamia cherehani. Siku moja nikakuuliza kama huogopi.

Ukasema, "Hapa mradi ni utani, hakuna anayeuliza."

Nikakuamini. Mji ule niliupenda kwa ajili yako.

Kisha baba akafa, kwetu Nachingwea. Mzee Likwawa akaja msibani kufanya kazi ya mtani kama desturi. Akalala uani mbele ya jeneza, akagoma. Haliondoki, akasema, mpaka mkwe wa marehemu aje alibebe, yule mume wa mtoto wa kiume. Alijiona bado yuko Ruangwa, mzee wa watu. Hakucheka mtu. Miezi ile redio na simu hazikuwa na habari nyingine, mara majina ya watu kama ninyi yapelekwe serikalini, mara vijana wetu wanaharibiwa. Nilimwona baba mdogo akikutazama wewe, halafu Salumu aliyekuja kukupa pole. Waliporudi kutoka makaburini, Salumu alikuwa ameshapasuliwa uso kwa mpini wa jembe lililochimbia kaburi la baba. Wewe ulikatiza kwenye mikorosho, hukumuaga hata mama.

Kesho yake nikakimbilia Ruangwa, nikijua huko watakuficha. Thubutu! Picha za msibani zilishafika kwenye simu zao. Wale wale waliokuwa wakicheka kila siku walikuwa wanachukua jezi zao, hata zisizoshonwa, wanaapa hawakuwahi kujua. Niligombana nao mpaka sauti ikakauka. Kumbe Ruangwa hawakuwa na moyo tofauti na wa Nachingwea, walikuwa hawajaulizwa tu.

Mama aliugua tangu mavuno ya ufuta. Alikuita kila siku. Sikukwambia kwa sababu ungekuja, na baba mdogo aliapa mbele yangu kwamba ukikanyaga hapa hutoki. Kwa hilo nikasirikie ukitaka, sijutii. Linalonikosesha usingizi ni jingine.

Kabla jeneza halijatoka, shehe mmoja mgeni, asiyetujua, aliuliza kwa upole mtoto wa kiume wa marehemu ni nani, ili ashuke kaburini ampokee mama yake. Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni yangu, na wanawake wenzangu wote wakanigeukia mimi. Kaka, hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema yuko mbali. Ningeweza hata kulia, wangenielewa. Niliogopa nami nisije nikaulizwa.

Nikasema, "Mama hakujaaliwa mtoto wa kiume."

Baki salama huko uliko. Arobaini usije.

Mdogo wako, wa tumbo moja