Nati ya Gurudumu la Kushoto

Zahoro, soma hii hapo hapo getini. Nimemtuma Siti ailete; ana baiskeli, atanitangulia.

Lile gari la mashindano kwenye maonyesho ya sikukuu ya Malkia, gurudumu lina nati moja tu katikati! Moja! Inakazwa kwa kugongwa nyundo. Yule Mzungu wa kahawa, mwenye gari, akaniuliza, "Fundi, unaijua?" Nikasema naijua. Mbele ya mtaa mzima wa Bilele!

Nikagonga ya kulia, ikakazika. Nikagonga ya kushoto vilevile.

Sasa nimesoma kitabu cha gari lile. Ya kushoto hukazwa kinyume. Nimeilegeza, Zahoro! Nimeilegeza, na watu wakanipigia makofi.

Saa kumi anatoka hapo getini kwenda Muleba, amempakia Mwalimu Ildefons.

Mzuie. Mwambie lolote, ila usinitaje.

Hapana, nitaje. Mwambie Burhani alisema anajua, kumbe hajui.