Kisu Kisicho na Ncha

Kambi ya mitego, Lambwe
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama,

Naanza kwa kuyauliza magoti yako. Yanaendeleaje na hii baridi ya asubuhi? Na wewe shemeji Akinyi, unayemsomea Mama barua hii, hujambo? Watoto hawajambo? Soma polepole, shemeji, na ukifika mahali pagumu pumzika, unywe chai, halafu uendelee. Najua mmekaa jikoni, wewe karibu na mlango upate mwanga, na Mama anakuambia, "Rudia hapo." Basi rudia.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Mkiniuliza moyo ukoje, sina la kuwaambia. Tangu tumzike kaka Chacha nimekufa ganzi, na ganzi haiumi, kwa hiyo msinililie. Leo kwaya ya hapa imeimba mpaka watu wakatoa machozi, mimi nilikuwa naangalia viatu vyao tu. Redio ya kambi nayo ni vyama vingi, vyama vingi, asubuhi hadi jioni. Inapita masikioni inaenda zake.

Kazi ni ile ile ya kutega mbung'o, wale inzi wanaowauma ng'ombe mpaka wanakonda na kufa. Tunatundika vitambaa vya buluu na vyeusi porini, na chini yake tunaweka chupa ya mkojo wa ng'ombe, maana mbung'o hufuata hiyo harufu. Mama, ungenisikia ninavyonuka ungenilaza nje na mbuzi! Vitambaa vya buluu vinaibiwa ovyo. Kuna mzee wa kanisa hapa ana kaptura ya rangi ile ile kabisa, na anatupa mkono kila Jumapili bila wasiwasi. Tunamwitikia.

Kutwa nzima ni kukata nyasi zinazofunika mtego, kukata kamba, kukata kitambaa, kuchonga vijiti. Mwenzangu ni Ouma, mtu wa Ndhiwa, mdomo wake haupumziki. Kisu tulichotumia kilikuwa chake. Mimi nashika kitambaa, yeye anakata. Tumefanya hivyo tangu nije, na hakuniuliza sababu. Nilimwambia tu kwamba kwetu mambo ya chuma yalikwisha.

Shemeji, hapa ndipo pagumu pa kwanza. Unisamehe, lakini lazima nipapitie.

Mama, Chacha alipochomwa kisu kule mpakani kwa ajili ya ng'ombe ambao hata hawakuwa wetu, na tulipomaliza kumzika, ulikusanya mapanga yote ya boma na sime ya marehemu Baba ukampa mjomba ayapeleke mbali. Ukabaki na kisu cha sukuma wiki basi. Halafu ukanishika mkono mbele ya watu ukasema, "Mtoto niliyebaki naye asitembee na chuma kiunoni." Nikasema ndiyo, Mama. Sijalivunja neno hilo hata siku moja, na ndilo limenifanya niandike.

Juma lililopita Ouma alikuwa ametangulia kwenye mtego wa mbele. Mimi nikasikia mtu anapiga mayowe korongoni. Nikakimbia. Ng'ombe wa nyanya mmoja, ng'ombe wa maziwa, alikuwa ameteleza na kamba yake ya shingoni, mti umeshika kamba huku juu, yeye ananing'inia huku chini, miguu ya nyuma inaparua udongo. Nyanya anavuta, mimi navuta. Fundo lilikuwa limekaza, halifunguki. Nikaipiga kamba kwa jiwe. Nikaitafuna, Mama, kwa haya meno. Ilikuwa katani nene, mpya. Nikamwita Ouma mpaka sauti ikakauka. Alipofika aliikata mara moja tu, tak, lakini ng'ombe alikuwa ameshakufa.

Yule nyanya hakunitukana. Aliniangalia kiunoni, upande huu, upande ule, akauliza kitu kwa Kijaluo. Ouma hakutaka kunitafsiria, nikamlazimisha. Alisema, "Anauliza, mwanaume mzima anatembeaje porini bila kisu." Nilitegemea nitaona haya au uchungu, au angalau hasira. Wapi! Nilisimama pale na nyuzi za katani kwenye meno.

Habari zikamfikia msimamizi. Si mtu mbaya. Alisema tu kwamba kuanzia mwezi ujao asiye na kisu chake mwenyewe haingii porini. Mpaka wakati huo nimewekwa kambini nashona vitambaa. Ouma ananiita fundi cherehani.

Siku ya soko akanipeleka Ndhiwa. Muuzaji alikuwa ametandaza visu juu ya gunia, vya kila namna, na Ouma akaanza kunifundisha kama bwana harusi anayechaguliwa suti. Cha kukunja nikiache, maana mchanga unaingia kwenye kiungo, na siku ya shida kinakataa kufunguka, au kinakufungia vidole. Kile cheupe cha jikoni kinang'aa, lakini makali yake hayakai, ukikata kamba mbili unarudi kwenye jiwe. Cha mpini wa plastiki kinateleza mkono ukiwa na jasho. Nikichukue cha springi ya gari, kilichofuliwa na mafundi wa pale pale sokoni, mpini wa mti wenye ribiti mbili za kuubana, urefu wa bapa lake usizidi upana wa kiganja. Kitashika kutu usipokipaka mafuta, lakini kinanoleka hata kwa jiwe la mtoni. Nikaona anasema kweli. Kilikuwepo kimoja hivyo, kizito kidogo, kimetulia.

Muuzaji akakinyanyua akaninyooshea. Mimi nikangoja akiweke chini nikiokote, ulivyotulea, kwamba kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Yeye akangoja nikichukue. Mimi nangoja, yeye anangoja, mkono wake uko hewani. Akamgeukia Ouma, "Huyu rafiki yako hataki kununua au amelala?" Ouma akacheka hadi akashika tumbo. Mwishowe muuzaji akakiweka juu ya gunia nikakiokota.

Mama, nilikishika. Nikaangalia ile ncha. Ilikuwa nyembamba. Nikasema nakitaka, ila wakatoe ncha.

"Wakatoe nini?"

"Ncha. Pale mbele. Pawe butu, mraba."

"Omera, ndugu yangu, kisu bila ncha ni kijiko!"

"Basi niuzie kijiko kikali."

Soko lote likasikia. Muuzaji akaapa kwamba naharibu kazi ya watu, kwamba hata mbuzi atanicheka, kwamba nitachunaje ngozi, nitatoboaje mkanda. Nikamwambia mimi sichuni wala sitoboi, ni cha kukata kamba, kitambaa na nyasi. Ouma alikichukua mwenyewe akakipeleka kwa fundi wa kunoa, yule anayezungusha jiwe kwa pedali za baiskeli, akamwambia, "Fanya anavyotaka." Cheche zikaruka, ncha ikaliwa mpaka ikaisha. Nilisimama pale nikingoja kitu kinipate. Hakikunipata. Nililipa tukaenda kula samaki.

Sasa kiko ndani ya sanduku langu, nimekifunga kwenye kipande cha kitambaa cha buluu. Hakijagusa kiuno changu. Kinakata vizuri, nilikijaribu kwenye kamba nikiwa nimekaa kitandani. Lakini hakiwezi kumchoma mtu, hata nikichokozwa, hata nikilewa, hata nikiwa na wazimu. Hilo nimelihakikisha.

Hata hivyo chuma ni chuma, na neno lilikuwa neno. Mkikataa, nitakirudisha sokoni nije nyumbani tulime tumbaku. Watoto wa Chacha watakaa nje ya shule mpaka tuone njia nyingine, maana hii kazi ndiyo inayowaweka ndani. Nawaambieni ilivyo, simtishi mtu.

Msalimieni mjomba, na mwambieni sijamsahau. Msalimieni mama jirani anayewapa maziwa, na mwalimu wa kanisa, na yule dada yetu wa Isebania akipita na mizigo yake. Watoto waambieni baba yao mdogo anawakumbuka. Barua hii naituma na dereva wa basi la Migori, na akirudi anaweza kuleta jibu.

Sasa shemeji, hapa usiruke hata neno, na usome kwa sauti Mama asikie. Jibu la Mama nalijua. Atalia, halafu atasema nikivae, kwa sababu alizaa wawili na anataka huyu aliyebaki apate kula. Wewe ulikuwa na Chacha peke yake. Wewe ndiye uliyemwosha ukaona palipoingia. Kwa hiyo sitaki jibu la Mama. Andika wewe, kwa mkono wako, ndiyo au hapana, na ukiandika hapana sitakuuliza sababu.

Ni mimi mwanao, Mama, na mdogo wa mume wako, Akinyi,

Marwa