Trei ya Mikate Imo Ndani ya Injini

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mawingu yakikusanyika, anua nguo.

Trei ya mikate usiitafute. Nimeikata vipande asubuhi hii, nikavichomelea ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini ya kigari chetu cha mashindano, ili oili isihame. Nilipokushauri hivyo ulicheka mbele ya kaka yako, eti injini ya pikipiki tuliyokifungia haitaki mapambo. Pikipiki hulalia upande ikikata kona. Kigari hakilali, kwa hiyo oili yote hukimbilia upande mmoja na pampu hunyonya hewa. Ndivyo ulivyoua injini mbili.

~~Nikirudi tutazungumza.~~ Sina la kuzungumza. Leo naendesha mimi. Wewe njoo ukae pale kona ndefu, injini zako zilipofia. Utanisikia nikipita.

Mkeo

Mkate nunua dukani.