Niliyemfifisha Alikuwa Hai

Jumatatu, Kitale. Mvua ilianza kabla ya saa nane mchana na haijakatika. Umeme umepotea mara mbili. Kompyuta imebakiwa na chaji ya saa moja hivi, na badala ya kufanya kazi ya gazeti niliyoahidi kuifanya, naandika haya.

Juzi Jumamosi tulimzika ndugu yangu Mulongo, nyumbani Bumula.

Wanaosoma ukurasa huu wamezoea kunikuta nikiandika kuhusu bei ya mahindi na vikao vya kaunti. Leo sina habari nyingine ila hii, na kosa lililo ndani yake ni langu. Nitalieleza kwa mpangilio.

Mulongo alikuwa pacha. Mwenzake ni Mukhwana, aliyetangulia kuzaliwa. Mimi ni Khisa, jina ambalo kwetu hupewa mtoto anayefuata mapacha, kwa hiyo hata jina langu mwanzo wake ni wao. Mulongo aliugua saratani. Dawa zilimtoa nywele zote, nyusi pia. Mara ya mwisho nilipomwona wodini kichwa chake kilikuwa kitupu kama cha mtoto mchanga, na mama alikuwa ameketi kando ya kitanda akikipapasa.

Familia iligawana kazi za mazishi. Kuna waliopewa hema na viti, kuna waliopewa ng'ombe na kuni. Mimi nilipewa picha. Siku hizi mazishi bila skrini yanaonekana kama yana upungufu: projekta inakodiwa Bungoma mjini, kitambaa cheupe kinafungwa ndani ya hema, na kabla ya wasifu kusomwa picha za marehemu zinapita moja moja huku muziki ukilia chini chini. Nilikuwa sijawahi kutengeneza kitu cha aina hiyo. Walisema mimi ni mtu wa magazeti, haiwezi kunishinda.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda Bumula kukusanya picha. Mama alinitolea ile ya studio, ya Bungoma mjini, nyeusi na nyeupe, mapacha wakiwa na miaka kama tisa. Kaptura sawa, shati sawa. Nyuma yao pazia lililochorwa ndege ya abiria. Mmoja amemwekea mwenzake mkono begani. Mimi mwenyewe, ambaye nimelala nao kitanda kimoja, sikuweza kuwatofautisha, kwa hiyo nikafanya ninachofanya kazini. Nikauliza. Mama aliisogeza picha karibu na macho.

"Mulongo ni huyu wa kushoto."

Nikaandika kwenye daftari: Kushoto, Mulongo.

Senge, dada wa baba, alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Khisa, hao walikuja pamoja. Usitenganishe hao, hata kwa hiyo komputa yako."

Nikasema sawa, senge. Hilo sikuliandika kwenye daftari.

Programu niliyoipata ina orodha ndefu ya madoido. Picha inaweza kufunuka kama ukurasa, kupasuka kama kioo, kuwaka mishumaa pembeni, kunyeshewa theluji. Theluji, Bumula. Nilizipita zote nikijipongeza kwamba mimi si mtu wa mapambo. Nilichukua madoido mawili tu: kusogeza picha polepole kuelekea uso, na kufifisha.

Jumatano niligeuza ile picha ya studio. Watoto wote wawili walikuwa wanatazama kulia, nje kabisa ya fremu, na maneno niliyotaka yatokee yalikuwa upande wa kushoto. Ilionekana kama wameyapa maneno kisogo. Kuna kitufe cha kugeuza picha kama kioo kinavyogeuza. Nilikibonyeza, wakatazama upande niliotaka, nikaendelea na picha nyingine.

Kwenye chumba cha habari kitendo hicho hakiruhusiwi. Niliwahi kumkaripia mpiga picha mbele ya wenzake kwa sababu aligeuza picha ya mbunge na pete ya ndoa ikahamia mkono mwingine. Nilimwambia kwamba picha iliyogeuzwa ni uongo uliopigwa pasi.

Alhamisi ndipo nilipofanya lile jambo. Nilitaka mapacha waonekane pamoja kwa sekunde tano, kisha Mulongo afifie taratibu mpaka abaki Mukhwana peke yake na pazia. Ili ufanye hivyo ni lazima umkate mmoja kutoka kwenye picha kwa kipanya, kuanzia sikio, shavu, kola, mpaka soksi, halafu uzibe pengo aliloacha kwa vipande vya pazia. Nilitumia saa tatu. Nilitazama daftari: Kushoto, Mulongo. Nikamkata wa kushoto.

Mkono ulinisumbua. Aliyekuwa kushoto ndiye aliyemshika mwenzake bega, na vidole vyake vinne vilikuwa vimelala juu ya shati kiasi kwamba nikivifuta nachafua bega lote. Nikaviacha. Nikajiambia inafaa: Mulongo ameondoka lakini mkono wake bado uko begani mwa pacha wake.

Nimefuta sentensi za namna hiyo kwenye kazi za watu wengine maisha yangu yote. Hiyo nikaipenda kwa kuwa ilikuwa yangu.

Vifungo vya mashati vilikuwa upande usio wao. Ndege kwenye pazia ilikuwa inaruka kinyume. Sikuangalia.

Jumamosi hema lilijaa. Mchungaji alinipa ishara, nikawasha. Mulongo akiwa na baiskeli, Mulongo siku ya harusi yake, Mulongo na gunia la mahindi begani. Watu walikuwa wanaitikia taratibu, kama wanavyoitikia kanisani. Kisha ikaja ile ya studio. Sekunde tano. Maneno yakatokea: Mulongo. Mtoto wa kushoto akaanza kupauka.

Mama alisimama. Sikujua kwamba bado anaweza kusimama bila fimbo.

"Huyo ni Mukhwana! Mukhwana yuko hai, mbona mnamtoa?"

Sikuelewa kwa muda. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja, kuanzia kile kitufe cha Jumatano kilichompeleka wa kulia kushoto. Nikabonyeza kusimamisha. Hilo lilikuwa kosa la pili, kwa sababu picha haikuondoka. Iliganda. Skrini ilibaki na mtoto mmoja mbele ya pazia, na vidole vinne begani mwake ambavyo havikuwa vya mtu.

Kutoka viti vya nyuma binamu mmoja alisema, tena kwa sauti ya kusikika, "Waandishi wa habari bana! Tumekuja kuzika mmoja, huyu anatuongezea wa pili."

Watu walicheka. Si kwa ubaya. Mazishini kicheko hutafuta tundu lolote la kutokea.

Mukhwana alikuwa safu ya mbele, karibu na jeneza. Alitazama skrini, akatazama kiganja chake cha kulia, kisha akanyanyuka na kutoka upande wa shamba. Alirudi wakati wa kushusha jeneza akasimama ng'ambo ya kaburi. Hakunisemesha, na mimi sikuvuka.

Leo asubuhi senge alinipigia simu. Tangu Jumamosi mama hataki Mukhwana atoke machoni pake. Akienda zizini anaitwa. Akienda chooni anaitwa, na asipoitika mama anashika njia kumfuata. Jana alimwita kwa jina la Mulongo, Mukhwana akaitika ili asimuudhi, mama akalia mpaka jirani akaja.

"Kesho tunanyoa," senge alisema. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, watu wa boma la marehemu hunyolewa nywele. "Kuja na hiyo kitu yako. Mama yako aone watoto wote wawili wamesimama. Na usituletee mambo ya kupotea-potea."

Nilimwambia pole, senge.

"Si mimi umetoa kwa picha," akasema, na kukata.

Kwa hiyo tangu asubuhi nimekaa mbele ya kompyuta. Kazi yenyewe si kubwa. Kugeuza picha irudi ilivyokuwa ni kubonyeza mara moja. Kumrudisha mtoto niliyemkata ni kubonyeza mara mbili. Saa tatu za kumtoa, sekunde mbili za kumrudisha. Nilipoweka kidole kwenye kipanya sikuweza kubonyeza. Nilikuwa namwona mama akitazama skrini tena, akisubiri kuona ni nani atakayeondoka.

Saa tisa na nusu simu ikalia. Jina la Mukhwana.

"Ni marehemu anaongea," akasema.

Sikujua nicheke au nifanye nini.

"Si ucheke, wewe. Huko sokoni wananiita hivyo. Jana nimetoroka mama kidogo, mama wa kuuza nyanya ameniambia ati maiti haichagui, nichukue tu hizo ziko juu." Akakohoa. "Khisa."

"Naam, kaka."

"Nataka kukuuliza kitu. Ukinitoa hapo, nyuma kulibaki nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hakukubaki kitu, nilipachika vipande vya pazia.

"Pazia tu?"

"Pazia tu."

Nilisikia mvua ya upande wake, kwenye bati, nikajua imefika hadi Bumula. "Mimi nilifikiri nitaona hata mahali ameenda," akasema. "Nilikuwa natazama hiyo skrini nikisema sasa mimi ndio naenda, nitamwona." Halafu: "Na vidole uliviacha kwa nini?"

"Nilishindwa kuvitoa."

"Ni vyangu hivyo. Mwenye studio alisema, shika huyo mdogo, anatingishika." Kwa mbali nilisikia mama akiita, na yeye akiitika, niko, mama, niko hapa. Akarudi kwenye simu. "Kesho ulete hiyo picha peke yake. Mama aone. Mimi nitakuwa nje."

Nikamuuliza kama amenikasirikia.

"Uliuliza mama, ukaandika. Halafu ukajifanya fundi." Hakukata mara moja. "Kuja mapema. Hapa kuna kazi."

Baada ya simu hiyo niliketi nikafanya kazi kwa dakika kumi na moja. Nimeigeuza picha. Ndege inaruka upande wake. Mulongo yuko kushoto, Mukhwana yuko kulia, mkono uko begani. Nimeondoa maneno. Nimeondoa muziki. Nilipojaribu kuicheza niliona programu imejiwekea yenyewe mwisho wa kufifia. Usipoiambia vingine, kila picha ya mwisho inayeyuka kuwa nyeusi. Nimekata na hilo. Sasa picha inasimama tu, haisogei, haikaribii uso wa yeyote, mpaka mtu azime kwa mkono wake.

Halafu nikaona kwamba hiyo si video tena. Ni picha. Ningeweza kwenda na ile ya karatasi, mama akaishika. Senge alikuwa ameshaniambia hivyo, huku akichambua maharagwe.

Mpiga picha niliyemkaripia siku ile aliniuliza, baada ya wengine kutoka, pete ikiwa mkono mwingine inamuumiza nani. Nilimjibu haraka. Sikumbuki nilimjibu nini. Namba yake ninayo, na sijampigia.

Chaji imebaki kidogo. Nitaondoka alfajiri, nipitie Webuye, saa mbili niwe Bumula. Projekta siendi nayo. Ile picha ya karatasi nimeiweka katikati ya kurasa za daftari, pale nilipoandika Kushoto, Mulongo. Ukurasa huo hauna kosa lolote.

Kuna jambo lililonijia baada ya simu, na sidhani Mukhwana amelifikiria.

Kesho ni siku ya kunyoa. Wataanza na yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Wembe ukimaliza atainua kichwa, na atakuwa na kichwa kile kile nilichokiona wodini, na mama atakuwa ameketi hatua mbili mbele yake. Hakuna kitu cha kubonyeza hapo.

Nimeamua kuomba waanze na mimi. Mama azoee kwanza kichwa changu, ambacho hakifanani na cha yeyote, aone kwamba mtu anaweza kukaa bila nywele na bado akaitika. Senge atakataa. Atasema Khisa hatangulii mapacha, hajawahi kutangulia.

Nitaomba hivyo hivyo.