Neno Lililomfukuzisha Baba Kazi

Nyumba ya pili nyuma ya karakana,
Chumba cha 4.
9 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Baridi ya huko inakutendeaje? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Magoti ya mama yanamsumbua, ila jikoni anafika mwenyewe.

Nilikuandikia habari za boila ya kiwandani iliyopasuka na kumuunguza mikono fundi mwenzake baba. Baba alitakiwa kujieleza kwa maandishi. Aliandika, "Nilisoma kipimo kabla ya kuwasha boila." Karani akatafsiri kwa Kiingereza, akaandika "I read", kisha karatasi ya baba akaitupa.

Wewe ni mwalimu wa Kiingereza. Wajua neno hilo, la leo na la jana, huandikwa vilevile. Tofauti iko mdomoni tu. Mwenyekiti wa kikao cha nidhamu hakujua. Akasema baba amekwepa swali, ameeleza anachofanya kila siku badala ya alichofanya siku ile.

Nilikuwa nimemsindikiza baba, nikaomba kusema, nikamweleza kwamba neno hilo ni la jana pia.

"Binti, ingekuwa jana, lingeishia na 'ed'," akanijibu. "Hata mtoto wa darasa la tano anajua."

Wenzake wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, kwa adabu. Kicheko hicho cha baba ndicho kilichonikata maini.

Nikakuomba mstari mmoja tu wa kulieleza neno hilo, wenye sahihi yako na muhuri wa shule. Kikao kiliahirishwa wiki tatu kukungoja. Ukajibu kwamba una mitihani ya kusahihisha.

Ijumaa wakamfukuza. Miaka ishirini na sita, kaka. Alirudi na buti zake kwenye mfuko wa plastiki. Mama akamuuliza mbona mapema. "Nimepumzishwa," akasema, akaenda kuoga.

Fundi aliyeungua alikuja jana, mikono imefungwa bendeji. Anasema alimwona baba kwa macho yake akisoma kipimo. Alikuwa amelazwa, hakuna aliyemuuliza.

Baba amenikataza nisikwambie haya. Anasema una majukumu, utakosa raha bure. Na majirani wakimpa pole, huwaambia mwanawe anafundisha Kiingereza ng'ambo.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama anakuombea afya na riziki. Mimi wiki hii nimejaribu kukuombea, nimeshindwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bado, ila leo kwa shida.