Samaki Waliomwagwa Bugembe

Mama Akello, jirani yangu wa ukuta mmoja,

Leo nimebadilisha maji ya tangi mara mbili, na hata mara moja haikuhitajika. Nimesogeza mawe, nikayarudisha. Binti yangu Zaituni ameniambia, "Mama, kaa chini, unawatisha samaki." Nimejaribu kukaa, nimeshindwa, nikachukua kalamu. Barua hii naipeleka gazetini kwa sababu sina anwani yako. Huenda mtu anayekujua akaiona.

Unakumbuka siku mumeo alipoleta lile tangi la kioo? Alilikuta limetupwa nyuma ya duka lililofungwa, akalibeba na askari magereza wenzake hadi barazani kwangu hapa Jinja, maana chumba chenu kilikuwa kimoja tu. Sisi wawili hatukujua lolote. Asubuhi ile ile tukalijaza maji ya bomba, tukaenda mwaloni Masese, tukarudi na nkejje kumi na wawili, wale samaki wadogo wa ziwani ambao kwingine huitwa furu. Siku ya tatu walibaki watatu. Ulilia, nami nikakucheka: mke wa askari analilia samaki ambao juzi tumewala kwenye mchuzi wa karanga!

Muuza samaki mmoja wa Masese, mama mnene mwenye sauti kubwa, ndiye aliyetufumbua macho. "Nyinyi mnaua samaki bure," alisema. "Maji ya bomba iko na dawa. Weka kwa pipa siku mbili. Na samaki, anza na kidogo."

Tukaanza upya. Tuliosha mchanga hadi maji yakatoka meupe, tukapanga mawe ili mnyonge apate pa kujificha, tukaweka wanne tu: dume wa bluu na majike watatu wa kijivu. Kila Ijumaa tulitoa theluthi ya maji kwa mpira na kuongeza yale yaliyolala pipani. Wewe ulitaka kuwalisha kila saa, mimi nilitaka kusugua kila jiwe kwa sabuni. "Mama Zaituni, wewe unataka tangi iwe kama sahani," uliniambia, nikanuna siku nzima.

Kisha jike mmoja akaacha kula. Kidevu kikavimba. Nikasema ni ugonjwa, tumtoe kabla hajawaambukiza wengine. Ukaweka mkono juu ya tangi. "Ngoja kwanza." Tulingoja karibu wiki tatu. Asubuhi moja akafungua mdomo na watoto wakatoka, wadogo kama simsim, na mwanao Akello alipogonga kioo wakarudi wote ndani ya mdomo wa mama yao. Ulipiga magoti pale hadi uji wako ukaungua.

Vita vikafika. Serikali ikaanguka, mumeo akaenda kazini asirudi, na wanajeshi wapya wakaanza kuuliza ni nani katoka kaskazini, kwa wakubwa walioanguka. Mtu wa mtaa wetu akaonyesha mlango wako kwa kidole. Ulikuja kwangu na Akello mgongoni, miguu mitupu. Siku ya nne nikapata nafasi kwenye pikapu ya mfanyabiashara aliyekuwa akienda Mbale, nikupeleke kwa shangazi yangu aliyekaa huko, mtaa wa Namatala. Nikakufunga mtandio wangu. Wewe ukachukua ndoo yenye kifuniko, ukatia mawe, ukamtia yule jike na watoto wake. Nilikufokea, "Unakimbia kifo na samaki?" Ukaifunika ndoo, ukapanda.

Bugembe, nje kidogo ya Jinja, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha wanajeshi.

"Ndoo iko na nini?" askari akauliza.

"Samaki, afande," nilisema.

"Ya kula?"

"Ya kuangalia."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anakutazama usoni. "Na huyu? Yeye hasemi?"

Neno moja tu kutoka kinywani mwako lingewaambia ulikotoka. Kabla sijapata uongo wa kusema, ulisimama ukampa ile ndoo kwa mikono miwili. Akafungua, akaona mawe, akadhani kuna risasi chini yake. Akamwaga kila kitu kwenye lami na kutawanya kwa buti. Jike aliruka mara mbili. "Wanawake ya Jinja wazimu!" alisema. "Enda!" Dereva akaondoa gari. Hukutazama chini hata kidogo. Tulipopita Iganga ndipo nilipoona umeuma ncha ya mtandio na machozi yanatiririka. Hadi leo sijui kama uliichukua ndoo ile kwa mapenzi au kwa akili.

Namatala nilikuambia, "Wiki mbili, nitarudi na nguo za Akello na habari za mumeo." Ulinishika kiganja. "Kweli?" Nikasema, "Wallahi."

Sikurudi. Watu wote niliwaambia barabara imefungwa. Mama Akello, barabara haikufungwa. Mwezi haukuisha, wauza vitambaa walikuwa wanakwenda na kurudi, na wawili waliniuliza kama nina mzigo wa kupeleka Mbale. Nguo za Akello zilikuwa zimefungwa tayari, chini ya kitanda. Nikasema sina mzigo. Nilimwogopa yule askari, nikamwogopa yule aliyeonyesha mlango wako, nikaogopa kuitwa mficha watu. Nilipofika Namatala karibu mwaka ulikuwa umepita. Shangazi alisema, "Kila gari likisimama alitoka nje kuangalia. Halafu siku moja akapanda lori la kaskazini."

Sasa mji umetulia, maduka yamepakwa rangi. Watu wanaotaka kufuga samaki huja kwangu, nami nawafundisha: anza na wachache, maji yalale kwanza, jike asiyekula usimguse. Wananiita mtaalamu. Wakishaondoka siwezi kukaa.

Nimekwenda Mbale mara tatu kukuulizia. Dereva mmoja anakumbuka mwanamke na mtoto walioshuka Soroti. Mwingine anasema lori lile halikufika. Nikilala, nawasikia madereva wote wawili.

Sikuombi unisamehe kupitia gazeti. Kama hutaki kuniandikia, mwache Akello aandike, sasa atakuwa amejua kuandika. Neno moja litanitosha.

Mlifika?

Mimi jirani yako,
Mama Zaituni